Mdogo wangu amekwama Tapachula: aombe hifadhi Meksiko au tumlipe mpitishaji?

SWALI

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mkongomani, ninaishi Louisville, Kentucky, na watoto wangu. Tulikuja huku kama wakimbizi kutoka kambi ya Nyarugusu. Mdogo wangu alikuwa Bukavu, na mji ulipotekwa Februari 2025 aliondoka. Alipitia Brazil, akaja kwa barabara mpaka kusini mwa Meksiko, mji wa Tapachula. Sasa ana wiki ya tatu hapo. Anasema polisi wanamsimamisha kila akitoka nje, wote wanamwita Mhaiti, na Wameksiko hawajawahi kuona mtu mweusi. Wenzake wanamwambia kuna karatasi ya kupita inayokuvusha mpaka Marekani, na wanamwonya asiombe hifadhi Meksiko, maana akiomba huko Marekani haitampokea tena. Kuna mtu anataka dola 4,000 amfikishe Monterrey, kisha mpakani. Nusu nimeshakopa. Nitume? Na kwa nini Wameksiko, ambao wamejaa huku Marekani bila karatasi, wanawatesa wenzao namna hii?"

JIBU

Marahaba, dada yangu, na pole kwa usiku unaokesha na simu mkononi. Nianze na la pesa kwa kuwa ndilo lenye haraka: usitume hizo dola 4,000. Sababu nitazieleza moja baada ya nyingine. La pili lenye haraka ni siku. Sheria ya Meksiko inampa mtu siku 30 za kazi tangu alipoingia nchini kupeleka ombi la hifadhi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Kama kweli yuko wiki ya tatu, muda bado anao, lakini si wa kuchezea.

Sasa hiyo karatasi ya kupita. Wenzake hawakuitunga, ilikuwepo. Hadi katikati ya 2019, Mwafrika aliyefika Tapachula na ambaye Meksiko haikuwa na njia ya kumrudisha kwao alipewa na Idara ya Uhamiaji, INM, waraka unaoitwa oficio de salida. Ulimtaka atoke nchini ndani ya siku 20. Haukusema atokee mpaka upi, kwa hiyo watu walipanda basi wakaivuka nchi nzima hadi kaskazini. Wakongomani wengi waliofika San Antonio, Texas, na Portland, Maine, mnamo Juni 2019 walipita Meksiko katika kipindi hicho, na habari zao ndizo zinazosimuliwa hadi leo katika simu za wasafiri.

Julai 2019 maneno ya waraka yalibadilika: atoke kwa mpaka wa kusini, yaani arudi Guatemala. Asipotaka, aombe hifadhi hapo hapo. Mamia ya Wakongomani, Wakameruni, Waangola na wengine wakajikuta wamenasa. Walipiga mahema nje ya Siglo XXI, kituo kikubwa cha kuzuilia wahamiaji mjini Tapachula, wakaunda umoja wao na kuandamana wiki hata wiki. Oktoba mwaka huo boti iliyobeba Wakameruni waliochoka kusubiri ilizama karibu na pwani ya Chiapas, na kuna waliokufa. Anayemwahidi mdogo wako karatasi ile leo anamuuzia kitu kilichokwisha miaka mingi.

Ilibadilika kwa sababu gani? Hapa ndipo linapoanzia jibu la swali lako la mwisho. Karibu bidhaa nane katika kila kumi ambazo Meksiko inauza nje zinanunuliwa na Marekani. Mei 2019 Rais Trump alitishia kuzitoza zote ushuru, akianza na asilimia 5, kama wahamiaji hawatazuiwa. Tarehe 7 Juni nchi hizo mbili zikatia saini makubaliano, na serikali ya López Obrador, rais wa Meksiko wakati huo, ikakipeleka kusini kikosi chake kipya, Guardia Nacional. Februari 2025 mambo yalijirudia karibu vile vile: tishio la ushuru wa asilimia 25, na Rais Sheinbaum wa Meksiko akakubali kupeleka askari 10,000 mpaka wa kaskazini ili apate nafuu ya mwezi mmoja. Askari anayemsimamisha mdogo wako barabarani amewekwa pale na hesabu hiyo ya biashara. Simtetei. Ninataka tu uone kwamba chanzo chake si chuki ya taifa zima.

Kama alivukia Ciudad Hidalgo, mji wa mpakani na Guatemala, ameyaona haya kwa macho yake. Chini ya daraja la kimataifa, mchana kweupe, maboya yaliyoundwa kwa mipira ya matairi makubwa na kufungiwa mbao juu yanakwenda na kurudi katika mto Suchiate. Yamepakia kreti za soda, mafuta ya kula, karatasi za chooni, na akina mama wanaokwenda sokoni na watoto wao. Mwenye boya anasukuma kwa mti mrefu. Hakuna anayeulizwa hati. Mkoa wa Chiapas ulitawaliwa pamoja na Guatemala enzi za Wahispania, na ulijiunga na Meksiko 1824. Ndugu wako ng'ambo zote mbili, na mashamba ya kahawa ya Soconusco, eneo la Chiapas lililo mpakani, yanategemea vibarua wa Kiguatemala. Serikali ikiufunga mto itawaumiza watu wake yenyewe, kwa hiyo mto imeuacha, na ukaguzi imeuweka kwenye barabara zinazotoka Tapachula kwenda kaskazini, katika vizuizi kama Viva México na Huixtla. Ndiyo maana mdogo wako aliingia kwa urahisi na sasa hawezi kutoka. Hali hiyo imepangwa.

Nije kwenye uvumi unaomtisha zaidi, kwamba akiomba hifadhi Meksiko amejifungia Marekani. Hapa kuna ukweli kidogo uliochanganywa na uongo mwingi. Sheria ya Marekani inamnyima hifadhi mtu ambaye kabla ya kufika alikuwa amepewa makazi ya kudumu katika nchi nyingine. Kwa hiyo Meksiko ikimtambua kuwa mkimbizi na kumpa ukazi wa kudumu, jambo hilo linaweza kutumika dhidi yake siku akija kuomba Marekani. Hilo ni kweli na lazima alijue kabla ya kuamua. Lakini kuomba tu si sawa na kupewa. Isitoshe, kanuni ambazo Marekani ilitunga 2019 na tena 2023 zilimbana mtu kwa sababu ya kinyume kabisa: alipita nchi nyingine na *hakuomba* hifadhi huko.

Na hata tuache hayo, mlango wenyewe ukoje? Kati ya Januari 2023 na Januari 2025 mtu aliyekuwa Meksiko aliweza kuomba miadi ya mpakani kwa programu ya simu, CBP One. Tarehe 20 Januari 2025 programu hiyo ilizimwa, miadi yote ikafutwa siku hiyo hiyo, na amri ya rais ikafunga njia ya kuomba hifadhi kwa wanaovuka mpaka wa kusini wa Marekani. Kesi za kuipinga zilifikishwa mahakamani. Mpitishaji anayetaka dola 4,000 hatakwambia hilo. Anauza safari hadi ukutani, na ukutani kazi yake imekwisha.

Njiani penyewe ndiko kunakonitia hofu zaidi. Agosti 2010 wahamiaji 72 waliuawa San Fernando, Tamaulipas, katika ukanda huo huo unaoelekea mpaka wa Texas. Desemba 2021 lori la trela lililojaa watu lilipinduka karibu na Chiapa de Corzo, katika mkoa huo huo alipo mdogo wako, na zaidi ya watu 50 wakafa. Kutoka Monterrey njia inashuka Nuevo Laredo na Reynosa, miji ambayo kuteka wahamiaji ni biashara kamili: mtu anashushwa kwenye basi, simu yake inachukuliwa, namba za ndugu walioko Marekani zinapekuliwa. Wewe, dada, ndiwe unayetafutwa katika biashara hiyo. Anayejua kwamba ulipata dola 4,000 anajua pia kwamba unaweza kutafuta nyingine.

Basi ombi la hifadhi Meksiko linakwendaje? Linapokelewa na COMAR, tume ya wakimbizi iliyoundwa 1980 watu wa Amerika ya Kati walipokuwa wanakimbia vita. Huduma ni bure kuanzia fomu hadi uamuzi, kwa hiyo yeyote anayedai ada ni tapeli. Akipokelewa anapewa constancia, karatasi inayoonyesha kwamba kesi yake iko mbioni, na sheria inakataza kumrudisha alikotoka wakati kesi inasubiri. Aipige picha siku hiyo hiyo, akutumie wewe nakala, na asitoke nje bila nakala mfukoni. Aangalie pia wameandika nchi gani. "Congo" peke yake haitoshi, maana ziko mbili. Iandikwe República Democrática del Congo, na jina lake lilingane herufi kwa herufi katika karatasi zote. Kosa dogo leo litakuwa kikwazo akitaka namba ya utambulisho, CURP, ambayo bila hiyo kupata kazi ya halali au matibabu kunakuwa shida.

Meksiko haitumii ile tafsiri finyu ya mkimbizi peke yake. Sheria yake ya 2011 imebeba pia maneno ya Azimio la Cartagena la 1984, ambayo yanamlinda anayekimbia vita vya ndani, ghasia zilizoenea au uvunjaji mkubwa wa haki za binadamu. Kwa mtu wa Bukavu hiyo ni nafasi nzuri. Hahitaji kuthibitisha tu kwamba yeye binafsi alikuwa anasakwa, ingawa kama alitishwa kwa jina, kabila au kazi yake, aseme wazi. Na aseme kwa lugha anayoimudu. Wakongomani wengi hupewa mkalimani wa Kifaransa, wakaona aibu kukataa, halafu masimulizi yao yanatoka nusu. Ana haki ya kudai mkalimani wa Kiswahili, hata kwa njia ya simu, na kusubiri apatikane kuna faida kuliko kusaini maelezo asiyoyaelewa. Brazil asiifiche. Alama za vidole na mihuri ya pasi husema, na mtu akikamatwa na uongo mmoja, mengine yote ya kweli hutiliwa shaka.

Sasa ugumu wake, ili usije ukasema nilikupamba. Sheria inaipa COMAR siku 45 za kazi kuamua, na inaweza kuziongeza mara moja. Kwa vitendo miezi hupita. Mwaka 2013 maombi yalikuwa takriban 1,300 nchi nzima. Mwaka 2023 yalizidi 140,000, na tume haikukua kwa kiasi hicho. Anayesubiri hatakiwi kuhama mkoa alikoombea bila ruhusa, na Chiapas ni kati ya mikoa maskini kabisa ya nchi hiyo. Kazi ni ya kubahatisha: kubeba mizigo sokoni, ujenzi, kufagia. Atatakiwa kwenda kusaini kila wiki, na akikosa wiki mbili mfululizo bila sababu, kesi inahesabiwa kuwa ameitelekeza. Kadi ya mgeni kwa sababu za kibinadamu, inayomruhusu kufanya kazi, imekuwa ngumu kupatikana. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ambalo huko linaitwa ACNUR, lilipungukiwa sana fedha mwaka 2025, hivyo misaada ya chakula na kodi aliyoisikia kwa waliomtangulia huenda asiikute.

Hata hivyo, akishinda anapata ukazi wa kudumu, anaweza kwenda kuishi Guadalajara, Saltillo au Monterrey kwa basi la kawaida, na ana haki ya kuomba mke na watoto wamfuate. Akishindwa ana siku 15 za kazi kukata rufaa. Na hata mtu anayekataliwa hadhi ya ukimbizi anaweza kupewa ulinzi wa ziada ili asirudishwe kwenye hatari.

Kuna jambo umelisema kwa kunukuu maneno yake, na nisingependa liendelee kumkaa moyoni: kwamba Wameksiko hawajawahi kuona mtu mweusi. Weusi wako Meksiko tangu miaka ya 1500, walipoletwa kama watumwa kufanya kazi katika migodi na mashamba ya miwa. Huko Veracruz, mnamo 1609, waliotoroka wakiongozwa na Yanga walipigana na jeshi la Wahispania mpaka wakaachiwa mji wao, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Rais aliyefuta utumwa Meksiko, tarehe 15 Septemba 1829, ni Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika, na mkoa mzima una jina lake. Baada ya hapo watumwa wa Texas walikuwa wakitorokea kusini, Meksiko, kutafuta uhuru, na huko Coahuila bado kuna kijiji cha wajukuu wa weusi waliokimbia Marekani.

Tatizo ni kwamba baada ya mapinduzi ya 1910 shule na serikali zilifundisha kwamba Mmeksiko ni mchanganyiko wa Mhispania na mwenyeji wa asili wa Amerika, basi. Weusi wa Costa Chica, pwani ya Guerrero na Oaxaca, wakafutika katika picha ya taifa wakiwa hai. Katiba iliwatambua 2019 tu. Sensa ya 2020 ndiyo ya kwanza kumuuliza kila mtu swali hilo moja kwa moja, na watu milioni 2.5 na zaidi, asilimia 2 ya nchi, wakajitaja kuwa ni wa asili ya Kiafrika. Kabla na baada ya hapo wamekuwa wakisimamishwa barabarani na kuambiwa waimbe wimbo wa taifa ili wathibitishe kwamba ni Wameksiko. Zimeripotiwa kesi za raia waliofukuzwa nchini kwao wenyewe kwa sababu ofisa hakuamini.

Hawapatwi peke yao. Mwaka 2015 vijana wa Kitzeltal, wenyeji wa Chiapas, walikuwa kwenye basi kwenda kufanya kibarua cha shamba kaskazini. Maofisa wa uhamiaji wakawashusha Querétaro, wakidai ni Waguatemala, na mmoja akateswa ili akubali hivyo. Kesi yao ilifika Mahakama Kuu, ambayo Mei 2022 ilitamka kwamba ukaguzi wa uhamiaji ndani ya nchi, barabarani na kwenye mabasi, ni kinyume cha katiba. Vizuizi havijaondoka. Lakini wakili anayejua hukumu hiyo anaweza kuitumia kwa ajili ya mdogo wako, na ni vizuri naye ajue kwamba anachofanyiwa kina jina na kimeshahukumiwa.

Ulisema pia kwamba Wameksiko wamejaa Marekani bila karatasi. Dada yangu, hapo tuwe waangalifu, maana maneno hayo hayo husemwa kuhusu sisi. Wenye asili ya Meksiko nchini Marekani ni zaidi ya milioni 37, na wengi wao wamezaliwa huko huko. Waliozaliwa Meksiko ni kama milioni 11, na sehemu kubwa yao wana hati. Wapo ambao mababu zao hawakuhama hata hatua moja: vita ya 1846 hadi 1848 iliinyang'anya Meksiko karibu nusu ya ardhi yake, na waliokuwa wakiishi California au New Mexico wakaamkia nchi nyingine. Wengine waliitwa kwa mkataba wa kazi kati ya 1942 na 1964 ili walime mashamba ya Marekani. Fedha wanazotuma nyumbani, zaidi ya dola bilioni 60 kwa mwaka, zinalisha vijiji vizima.

Wapo wanaolikumbuka hilo. Katika kijiji kimoja cha Veracruz akina mama wanaojulikana kama Las Patronas wamekuwa tangu 1995 wakipika wali na maharage, wanafunga kwenye mifuko na kuwarushia wahamiaji walio juu ya treni ya mizigo inayopita bila kusimama. Na wapo wengine wanaowachukia wageni, kama ilivyo kila nchi. Mdogo wako atakutana na wote, na kule Tapachula, ambako wakazi wenyewe wana shida ya maji, kazi na usalama, uchovu dhidi ya wageni umeongezeka. Asiuchukulie kuwa ndio Meksiko yote.

Nusu uliyokopa, kama unaweza kuirudisha, irudishe, ubaki na kiasi cha kumtumia kidogo kidogo kwa chumba na chakula. Asipokee kwa jina la mtu asiyemjua. Kwa upande wako wa Marekani, fahamu kwamba fomu ya mkimbizi ya kuunganisha familia haimhusu ndugu, ni ya mume au mke na watoto tu. Ukipata uraia unaweza kumwombea kaka au dada, lakini foleni hiyo ni ya zaidi ya miaka 15. Anayekuahidi njia ya mkato huko Louisville kwa malipo mkimbie pia.

Kuna mahali ambapo maelezo yangu hayatoshi, na mtu wa ana kwa ana anahitajika. Kwanza, aende ofisi ya COMAR akiwa ameonana na kituo cha haki za binadamu cha Fray Matías de Córdova kilichopo hapo hapo Tapachula, au Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi. Wana mawakili, hawatozi. Pili, kama siku 30 zimeshapita, asikate tamaa wala asiende peke yake. Ombi lililochelewa linaweza kupokelewa kama ana sababu, kwa mfano alikuwa mgonjwa, alizuiliwa au hakuelezwa, lakini sababu hiyo iandikwe na wakili. Tatu, wewe mwenyewe muone wakili wa uhamiaji mwenye leseni Kentucky kuhusu lile la ukazi wa kudumu Meksiko, kabla uamuzi wa COMAR haujatoka, ili mdogo wako akubali au akatae akijua anachokifanya. Asiende ubalozi wa Kongo kuomba hati wakati kesi inasubiri bila kumuuliza wakili, maana linaweza kusomeka kwamba haiogopi serikali yake.

Akikamatwa na uhamiaji, neno la kwanza kutamka ni "solicito refugio", yaani naomba hifadhi, na alirudie mpaka liandikwe. Nawe ukipigiwa simu na sauti usiyoijua ikidai yuko mikononi mwao, usilipe papo hapo: omba kusikia sauti yake, andika namba na saa, piga simu ofisi ya FBI ya Louisville siku hiyo hiyo, na wajulishe Fray Matías. Mpe leo neno la siri mnalolijua ninyi wawili tu, ili siku simu kama hiyo ikija uweze kumtambua.